Mkanda wa Mtani

Mimi ni fundi wa mikanda. Watu wa Nachingwea wananiita fundi viatu kwa sababu ndivyo kibao cha mlangoni kinavyosema, lakini viatu ni kazi ya kunipotezea muda tu. Kazi yangu hasa ni mikanda ya mabomba ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Lile bomba likijaa, pamoja na injini yake, linamkalia mtu mgongoni kama mgonjwa anayebebwa kupelekwa zahanati. Ukilifunga vibaya linakukata mabega, linakuyumbisha, na kufika mchana huwezi hata kugeuza shingo. Ukilifunga sawasawa uzito wote unashuka kiunoni, na mtu anapuliza shamba zima huku anapiga mluzi. Mimi nilijua kulifunga sawasawa. Sisemi hivyo kujisifu, na kama najisifu, basi na iwe hivyo.

Nina ulimi mbaya pia, heri niseme mapema. Mteja akiniletea mkanda ulioshonwa kwingine, namuuliza kama umeshonwa na mtu au na panya. Wateja wanacheka, wanakasirika, wanarudi. Mafundi wenzangu hawanipendi na mimi sijawahi kukosa usingizi kwa ajili yao.

Mtu mmoja tu alikuwa ananiweza, naye ni mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Maana yake naweza kumtukana mbele ya mama yake mzazi na mama akacheka. Naweza kuingia uani kwake nikaondoka na jogoo na asiwe na la kusema. Na siku akifa, mimi ndiye nitakayefika msibani nivae nguo zake, nitembee mwendo wake, nimwigize alivyokuwa akikohoa na kulalamika, mpaka wafiwa wacheke katikati ya machozi. Yeye kwangu vivyo hivyo. Tulikuwa tunatishiana kila siku. Akipita kibarazani kwangu ananiambia, "Wewe tangulia tu, nishajua nitakavyokuigiza ukinung'unika." Namjibu, "Thubutu! Kwa kifua hicho cha njiwa utanizika wewe?"

Kifua chake kilikuwa kweli cha njiwa. Alikuwa mfupi, mwembamba, kiuno hana, suruali inashikiliwa na imani. Alikaa pwani miaka mingi akizamia majongoo bahari, na huko akajifunza kuzama na mtungi wa hewa. Aliporudi nyumbani na mkewe, ufundi wake ulikuwa hauna mahali pa kukaa. Nachingwea utazamia wapi? Nilimuuliza mbele ya watu kama amekuja kuzamia kwenye ndoo ya mama lishe. Alicheka kidogo. Nilijua inamuuma, ndiyo maana nikairudia kila wiki.

Kisha mvua za mwaka ule zikajaza shimo la wachimbaji upande wa Ruangwa, mbele ya Likunja. Mwenye shimo, tajiri mmoja mwenye sauti kubwa, mashine yake ya kunyonya maji ilikuwa imezama chini pamoja na injini. Akasikia kwamba kuna mzamiaji amekaa bure Nachingwea. Akamwita, akamwambia: ukinifungia kamba kwenye ile mashine nikaivuta, kazi ya usimamizi wa mashine zangu zote ni yako, ya kudumu. Mtani wangu alikuja kunisimulia. Mkewe alikuwa mjamzito, na toka warudi walikuwa wanaishi kwa kulima vibarua katika mashamba ya wenzao. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana utani. Aliitaka ile kazi kama mtu anayetaka maji ya kunywa.

Vifaa alivileta kwangu ndani ya gunia. Tajiri alivinunua vikuukuu Dar es Salaam, na nadhani mwenyewe wa kwanza alikuwa jitu la kutisha. Lile koti la kuzamia, ambalo mtungi unafungwa nyuma yake, lilimfika mapajani. Akivaa na kusimama, koti linabaki palepale na yeye anazunguka ndani yake. Tulikusanyika watu wa kutosha pale kibarazani. Nilimzungusha kama nguo sokoni, nikasema, "Jamani, hili koti linatafuta mtu, nani kamwona mwenyewe?" Watu hoi.

Alisubiri kicheko kiishe, halafu akaanza kunieleza, taratibu, kama mtu anayemweleza daktari maumivu. Ndani ya maji koti likiwa kubwa linapanda mpaka masikioni. Mtungi unayumba kushoto, unamgeuza mzamiaji chali, na shingo yake ya juu inampiga kisogoni kila anapoinua kichwa. Miwani inaingiza maji kwa sababu mpira umelegea. Kubwa zaidi ni mkanda wa vipande vya risasi, yale madini mazito ambayo wavuvi wanafunga kwenye nyavu. Huo ndio unaomshusha mtu chini. Ukihama kiunoni, ukaenda tumboni au mgongoni, unapindua kila kitu.

"Sasa sikiliza, mtani," akasema. "Hili koti linatakiwa lijae hewa linipandishe, lakini hili linavuja, nimelijaribu. Kwa hiyo nikipata shida huko chini, kitu kimoja tu kitanipandisha. Nautupa mkanda wa risasi. Mkono mmoja, mvuto mmoja, uanguke. Usipoanguka, mimi ndio basi."

Nilimwelewa. Naandika hili ili atakayesoma asidhani sikuelewa. Nilimwelewa vizuri sana.

Nilianza kazi siku hiyohiyo. Koti nililipunguza mabegani na ubavuni. Nikaongeza mkanda wa kupita katikati ya miguu, kutoka mgongoni mpaka mbele, ili koti lisipande. Hilo ni wazo langu, kwa mabomba ya salfa nafanya hivyo kwa wapulizaji wafupi. Mtungi nikautengenezea kitako cha mpira wa tairi usiteleze. Ule mkanda wa mtungi wenyewe, wa nailoni, mtani alinikataza kuukaza mkavu. Aliomba beseni, akaulowesha kwanza, akauacha unywe maji, ndipo akaukaza. Nikamuuliza anafanya nini, anafua? Akasema nailoni ikilowa inalegea, ukiikaza kavu mtungi utachomoka majini. "Kila kitu kinachoingia majini kifunge kikiwa kimelowa," alisema. Mimi nikasema sawa bwana profesa, nikamwaga maji ya beseni mtaroni.

Mkanda wa risasi ulikuwa na kifungo cha chuma kilicholiwa na chumvi. Mimi na vifungo hatupatani. Salfa inakula vifungo ndani ya msimu mmoja, na nimeshaona bomba likimdondokea mtu miguuni kwa sababu ya kifungo. Kwangu mpulizaji anafungwa kwa ugwe wa ngozi ya ng'ombe, fundo la kuvuta: ncha moja ndefu inaning'inia, ukiivuta fundo lote linafunguka. Kwa miaka yote halijawahi kumwangusha mtu. Nikasema mtani wangu atavaa hilo.

Ngozi nilikwenda kuichukua kwa mfugaji mmoja upande wa Ruponda, katika wale waliohamia na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa. Huwa nawanunulia ngozi na huwa nawasema vibaya, ng'ombe wao wameshawahi kuingia kwenye ufuta wa mama yangu. Akaniuliza ngozi ni ya nini. Nikamwambia ni ya mtu anayeingia majini. Akakunja uso, akaanza, "Fundi, hii ngozi yetu ikipata maji..." Nikamkatiza kauli. Nikamwambia wewe swaga ng'ombe, mikanda niachie mimi. Akanikunjia ngozi yangu vizuri, akanikaribisha maziwa. Sikuyanywa.

Niliushona ule mkanda kwa siku mbili. Nilishona mifuko minane midogo, kila kipande cha risasi kikalala ndani ya mfuko wake, kisihame. Nyuma nikaupinda kidogo uufuate uti wa mgongo. Mtani akauvaa. Alitembea, akainama, akajirusha, akajiviringisha chini kwenye vumbi kama punda. Mkanda ulikaa. Koti lilikaa. Mtungi haukusogea hata kidogo. Akanitazama, akasema, "Mtani, toka nianze kuzamia sijawahi kufungwa hivi." Macho yalikuwa yamemjaa maji na mimi nikamwambia asinilowanishie barazani.

Tukajaribu fundo. Akavuta ncha, mkanda ukaanguka puu. Tukafunga tena. Akavuta kwa mkono wa kushoto, ukaanguka. Akavuta amefumba macho, amepiga magoti, amelala chali. Kila mara puu. Mpaka mkewe, aliyekuja na chakula, akasema jamani mnavunja sakafu ya watu. Tulifurahi sana siku ile.

Siku ya kazi nilimsindikiza kwa bodaboda, gunia katikati yetu. Sikuwa na sababu ya kwenda ila kiherehere na kutaka watu wa Ruangwa waone kazi yangu. Pale shimoni walikuwa wachimbaji wamekaa juu ya vifusi, wamekuja kutazama. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tajiri alikuwa anapiga kelele kwamba trekta la kuvutia linaunguza dizeli.

Nilimfunga mwenyewe. Nilipomaliza, mtani akaangalia maji, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nataka nikae kwanza hapa pembeni, maji ya kiunoni, vifaa vinywe maji. Halafu nijaribu kuutupa mkanda mara moja mbili. Ndiyo nishuke."

Lilikuwa jambo dogo. Dakika chache. Tajiri akasema, "Anangoja nini huyo?"

Na mimi nilikuwa na watu wa kuwachekesha. Nikapaza sauti: "Subirini jamani, mzamiaji wetu anataka kunawa miguu! Maji ya baridi, ataugua!" Shimo zima likalipuka. Mmoja akauliza kama aletewe maji ya moto. Mtani akanigeukia, ameshavaa miwani, akasema, "Fundi, leo umenishonea sanda." Walizidi kucheka, na mimi nikamjibu, "Inakukaa vizuri, nenda kazikwe!"

Akashuka. Sikuona uso wake, miwani ilikuwa imeufunika.

Sikungoja hata atoke. Wateja wa salfa walikuwa wananisubiri Nachingwea, nami nilishapata kicheko changu. Nikapanda bodaboda nikarudi, njiani namsimulia dereva ile ya kunawa miguu. Kabla hatujafika simu ikaita.

Walichonieleza ni hiki. Alifunga kamba kwenye mashine, kisha maji yakachafuka kabisa, na kamba yake mwenyewe, ile ya kumvutia juu, ikanasa kwenye magogo yaliyozama. Walivuta haikuja. Ilipokuja ilikuwa saa nzima imepita. Walimvua koti, mkanda wa risasi wakauteremsha kupitia miguuni kwa sababu kiuno hana, wakavitupa vyote ndani ya gunia. Mashine ilitoka nzima.

Mazishini watu walisema mengi. Hewa ilikuwa ndogo. Mtungi ulikuwa wa zamani. Siku zake zimefika. Mimi swali langu lilikuwa moja na sikumwambia mtu: kwa nini hakuutupa mkanda? Siku ya tatu nikamwomba mjane gunia, nikajifanya nataka kuvihifadhi vifaa. Lilikuwa limeanikwa juani pale uani, kila kitu kikavu kama mhogo wa makopa. Nikalifungua fundo walilokuwa wameliacha vilevile, nikaufunga ule mkanda kiunoni mwangu, fundo lilelile. Nikavuta. Puu.

Nikafunga tena, nikavuta. Puu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikaliacha gunia palepale, nikarudi nyumbani nikala ugali wote, nikalala fofofo. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsema tajiri kuliko mimi. Nilimsema sokoni, nilimsema msikitini baada ya swala, nikasema ameua mtu kwa mtungi mbovu. Nilikuwa na hasira ya mtu safi, na hasira hiyo ni tamu, wallahi, ni tamu.

Siku ya kuzika sikufanya utani. Nilisema kifo cha ghafla, tuache mpaka arobaini. Arobaini ikafika. Asubuhi wanawake walifua vitu vyote vya marehemu kama desturi ilivyo, mashuka, kanzu, na gunia la kuzamia nalo wakalitumbukiza kwenye beseni tangu alfajiri, lifuliwe na lenyewe, nalo ni lake. Baada ya dua na pilau, mjane akasimama. Tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Alikuwa hajacheka tangu siku ile. Akasema mbele ya watu wote, "Mtani, uko kimya kama mgeni. Mwenzio angekuzika kimya namna hiyo?"

Watu wakashangilia. Wakaniletea koti, wakaniletea miwani, wakanivisha mkanda. Vilikuwa bado vimelowa na baridi yake ikapenya mpaka mwilini. Nilifunga fundo mwenyewe, la kuvuta.

Nikaanza. Nilimwigiza anavyotembea na suruali inamteremka. Nikamwigiza anavyonieleza mambo kama mwalimu, "sasa sikiliza, mtani." Mama yake akaanza kutikisika. Nikajitupa kwenye jamvi, nikaogelea. Mjane akacheka, kwanza kwa pua, kisha kwa sauti, kashika tumbo kwa mikono miwili. Nikaona nimefanya jambo jema. Nikasema, "Sasa natupa mkanda, napanda!" Nikavuta ncha.

Haikuja.

Nikavuta tena. Ngozi ilikuwa imenywa maji imevimba, imekuwa laini na nene, na fundo limejiuma lenyewe. Kadiri nilivyovuta ndivyo lilivyokaza. Nikaingiza kucha, zikateleza. Nikavuta kwa mikono miwili. Nikaing'ata ncha nikavuta kwa meno, nimelala chali, miwani imejaa ukungu wa pumzi yangu, na kila mtu pale uani alikuwa anacheka mpaka anaanguka. Jirani mmoja akapiga kelele, "Amemwiga kweli huyu!"

Nikaacha kuvuta. Nikawaona wote kupitia ule ukungu. Nikasema, "Halifunguki."

Wakacheka.

"Jamani, halifunguki. Nimemfunga mimi na halifunguki. Ngozi ikilowa halifunguki. Nimemuua mimi. Hakuna hewa ndogo, hakuna tajiri, nimemuua mimi!" Nilikuwa nalia, nakumbuka kamasi zilijaa ndani ya miwani. Nilipiga jamvi kwa ngumi. Mama yake alikuwa amejifunika ushungi usoni na mabega yanaruka kwa kicheko. Mtani siku hiyo ana ruhusa ya kusema lolote, kwa hiyo lolote analosema ni la kuchekesha.

Mjane alikuja akapiga magoti kando yangu, kwa shida, na lile tumbo. Alinivua miwani kwa mkono wake, akanifuta uso kwa ncha ya khanga. Bado alikuwa anahema kwa kucheka, uso wake umechangamka kama siku ile alipotuletea chakula barazani.

"Basi, mtani wetu, inatosha," akasema. "Mbavu zinaniuma. Ahsante. Sikujua kama nitacheka tena."

Akaita waniletee pilau, na chinyango, pande kubwa la nyama.